Barinaga: Dogo wa kambini aliyefungua nyavu za Bernabeu

Mshike shabiki yeyote wa Real Madrid umuulize maswali ya timu yake, atakujibu bila kukwama. Mabao ya Cristiano Ronaldo? 450. Kombe la kwanza la Ulaya? 1956. Sasa muulize nani alifunga bao la kwanza kabisa kwenye uwanja ambao leo unaitwa Santiago Bernabeu. Hapo ndipo wengi wanapoanza kubahatisha. Wapo watakaokutajia Alfredo Di Stefano, kwa sababu ukitaja Madrid ya zamani jina hilo ndilo linalokuja mdomoni.

Si yeye. Di Stefano alitua Madrid mwaka 1953, na wakati huo uwanja ulikuwa unakaribia kutimiza miaka sita. Aliyefungua nyavu zile ni Sabino Barinaga, kwa kichwa, Desemba 14, 1947, siku uwanja unazinduliwa dhidi ya Belenenses ya Ureno.

Miaka kumi kabla ya kichwa hicho, Barinaga alikuwa mtoto wa miaka 14 aliyeshushwa melini kwenye bandari ya nchi asiyoijua lugha yake, na makazi yake yalikuwa kambi ya mahema. Na klabu iliyompa jezi akiwa katika hali hiyo haikuwa Real Madrid wala Athletic Bilbao ya kwao. Ilikuwa Southampton, timu ya Daraja la Pili la England, ambayo haikuwa na faida yoyote ya haraka ya kupata kwake.

MABOMU YA DURANGO

Barinaga alizaliwa Agosti 15, 1922, Durango, mji mdogo wa jimbo la Baski kaskazini mwa Hispania, sio mbali na Bilbao. Huko mpira ni kama chakula. Athletic Bilbao inatumia wachezaji wa Kibaski tu mpaka leo, kwa hiyo mtoto wa Durango anayejua kuchezea mpira anakua akijua kwamba njia yake inaelekea San Mames.

Lakini mwaka 1936 Hispania iliingia kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe. Upande mmoja serikali ya jamhuri, upande mwingine majenerali walioasi wakiongozwa na Francisco Franco, wakisaidiwa na ndege za Ujerumani ya Hitler na Italia ya Mussolini. Wabaski walisimama na jamhuri, na walilipa.

Machi 31, 1937, ndege za Italia zilishambulia Durango asubuhi, watu wakiwa kwenye misa. Makanisa yaliangukia waumini. Mamia walikufa. Dunia inaikumbuka zaidi Guernica, iliyopigwa Aprili 26 mwaka huohuo na kuchorwa na Pablo Picasso, ila Durango ndiyo iliyotangulia, na watu wa kule hawapendi sana inaposahaulika.

Baada ya Guernica, wazazi wa Bilbao na vitongoji vyake walianza kufanya jambo ambalo mzazi hawezi kulifanya kama ana njia nyingine. Walianza kuandikisha watoto wao wapelekwe nje ya nchi, peke yao. Wengine walikwenda Ufaransa, wengine Ubelgiji, wengine Urusi ya Kisovieti. Na kundi moja kubwa lilipangiwa Uingereza.

SERIKALI YAGOMA KUTOA HELA

Uingereza yenyewe haikuwa na haraka ya kuwapokea. Serikali ya Waziri Mkuu Stanley Baldwin ilikuwa imeshika msimamo wa kutoingilia vita ile, na kwa muda ilikataa kabisa. Ilipobanwa ikakubali, lakini kwa sharti: isitoke hata senti moja ya hazina. Kamati ya kuwasaidia watoto wa Kibaski ililazimika kuahidi shilingi 10 za Uingereza kwa kila mtoto kwa kila wiki, hela zilizochangwa na watu wa kawaida, vyama vya wafanyakazi, makanisa na vikundi vya mitaani.

Mei 21, 1937, meli ya Habana iliondoka Santurtzi, bandari ya Bilbao. Ilijengwa kubeba abiria wapatao 800. Siku ile ilibeba watoto wanaokaribia 4,000, pamoja na walimu, wasaidizi wa kike na mapadri 15. Kila mtoto alikuwa na kibandiko chenye namba kifuani. Watoto walilala popote walipopata nafasi, mpaka kwenye maboti ya kuokolea watu. Ghuba ya Biscay ilichafuka, wakatapika usiku kucha. Wazazi wengi waliamini ni safari ya miezi mitatu tu.

Sabino Barinaga alikuwa mmoja wao.

Habana ilitia nanga Southampton Mei 23. Siku chache nyuma yake, Mei 12, Mfalme George wa Sita alikuwa ametawazwa, na mji ulikuwa bado una bendera na mapambo kila kona. Watoto kibao walidhani mapambo yale yamewekwa kwa ajili yao. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaambia ukweli.

Baada ya kupimwa afya, kuogeshwa na kutafutwa chawa, walipelekwa North Stoneham, karibu na Eastleigh, nje kidogo ya Southampton. Mkulima mmoja alikuwa ametoa mashamba yake, na watu wa kujitolea walikuwa wamesimamisha mamia ya mahema kwa muda wa chini ya wiki mbili. Jirani na kambi kulikuwa na uwanja wa ndege. Ndege ikipita juu, watoto walikuwa wakikimbia na kulala chini. Iliwachukua muda kuelewa kwamba ndege za kule hazidondoshi kitu.

Juni 19 Bilbao iliangukia mikononi mwa jeshi la Franco. Habari ilitangazwa kambini kwa vipaza sauti. Vilio vilivyofuata vilisikika mbali, na baadhi ya watoto walitoka mbio kuelekea baharini, wakitaka kurudi nyumbani kwa miguu. Kuanzia siku ile, hadithi ya miezi mitatu ilikwisha.

THE DELL YAFUNGUA MLANGO

Ukiweka vijana wa Kibaski mahali popote penye nafasi, baada ya nusu saa kuna mechi. Kambini ilikuwa hivyo, na ilikuwa hivyo pia kwenye nyumba za kulelea zilizotapakaa Uingereza ambako watoto walisambazwa baadaye. Timu zao zilikuwa zikicheza na timu za shule na za mitaa, na mara nyingi wenyeji walikuwa wanapigwa. Wengi walijua mpira kabla ya kujua neno moja la Kiingereza.

Barinaga alibaki upande wa Southampton, na hakuchukua muda kuonekana. Alikuwa mshambuliaji mwenye mguu na kichwa, anayejua goli liko wapi bila kuangalia. Southampton wakamchukua na kumuingiza kwenye timu zao za chini.

Kocha wa timu wakati huo alikuwa Tom Parker, aliyepewa kazi Machi 1937, miezi miwili tu kabla ya Habana kufika. Parker alikuwa mtoto wa mjini hapo, kazaliwa Woolston ng'ambo ya mto Itchen, na hakuwa mtu mdogo kwenye soka ya England. Ndiye nahodha wa kwanza wa Arsenal kuinua Kombe la FA, mwaka 1930, walipoichapa Huddersfield 2-0. Alikuwa amerudi nyumbani kuinoa timu ambayo haikuwa na hela nyingi na ilikuwa inapigania nafasi yake Daraja la Pili.

Hapa shabiki wa siku hizi anaweza kusema, basi si walikuwa wanatafuta kipaji cha bure? Akademi zote si zinafanya hivyo?

Hapana, na sababu ni ya kikanuni. Mwaka 1931, FA ya England ilipitisha sheria kwamba mchezaji asiye raia wa himaya ya Uingereza haruhusiwi kucheza soka la kulipwa mpaka awe ameishi nchini humo miaka miwili. Kusudi lake lilikuwa kuwazuia wageni, na ilifanya kazi hiyo vizuri mno. Kwa maana hiyo, dogo wa Kihispania aliyefika Mei 1937 asingeweza kuwa na faida yoyote kwa timu ya kwanza ya Southampton kabla ya katikati ya 1939. Na muda wote huo mtu yeyote mwenye akili alijua kwamba vita ya Hispania ikiisha, watoto wale watarudishwa kwao. Kweli wengi walianza kurudishwa mapema sana, kwa sababu serikali ya Franco ilikuwa inawadai.

Klabu iliyokuwa inahesabu senti ilikuwa inamfundisha mpira mtu ambaye karibu kila dalili ilionyesha hatawahi kuichezea. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe. Hakuna aliyemwalika mpiga picha, na siku zile hakukuwa na video ya kurusha mtandaoni ya nyota wa timu akimkabidhi mtoto mkimbizi jezi yenye saini. Kilichokuwepo ni mazoezi, mechi za timu za chini, kisha mazoezi tena, miezi na miezi.

Naye Barinaga alikuwa anafunga tu, mpaka akawa tegemeo kwenye ngazi ile. Zaidi ya mabao, alikuwa anasomea mpira wa Kiingereza wa enzi zile: miili kugongana, krosi za juu, kichwa kwenye umati. Hicho kichwa tutakikuta tena Madrid.

Hakuwa peke yake. Raimundo Lezama, kipa mzaliwa wa Barakaldo aliyekuja na meli hiyohiyo, naye alichukuliwa Southampton, na akafika mbali kidogo zaidi yake, kwani alidaka mechi chache za timu ya kwanza katika mashindano ya wakati wa vita. Emilio Aldecoa alichezea Wolves na Coventry. José Gallego aliamua kubaki Uingereza kwa maisha yake yote, akachezea Brentford na baadaye, vita ikiwa imeisha, Southampton hiyohiyo.

Septemba 1939 ndipo hesabu zote zilipovurugika. Barinaga alikuwa ametimiza miaka 17 na ule muda wa miaka miwili ulikuwa umeshapita. Ligi ilianza, zikachezwa mechi tatu, Uingereza ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani, na ligi ikafutwa. Rekodi za ligi za Southampton hazina mechi hata moja ya Barinaga. Hazina bao lake hata moja.

Mwaka 1940 alirudi Hispania.

Miezi michache tu baadaye ilikuwa zamu ya mji uliompokea. Woolston, mtaa wa Tom Parker, ndiko kulikokuwa na kiwanda cha Supermarine kilichotengeneza ndege za Spitfire, na Wajerumani walikitaka. Septemba 1940 walikipiga. Novemba na mwanzoni mwa Desemba wakaurudia mji wenyewe, katikati ya Southampton pakawaka moto usiku baada ya usiku. Jeshi la anga lilikuwa lilelile lililoiteketeza Guernica. Bomu moja lilitua ndani ya The Dell, kwenye eneo la penalti, likachimba shimo kubwa na kupasua mfereji uliopita chini ya uwanja. Maji yakafurika. Nyasi ambazo klabu ya watoto wakimbizi ilichezea zikageuka bwawa.

MADRID YA FRANCO

Kurudi Hispania mwaka 1940 hakukuwa kurudi kwenye nchi waliyoiacha. Franco alikuwa ameshinda. Lugha ya Kibaski ilipigwa marufuku hadharani. Athletic yenyewe ililazimishwa kuacha jina lake la Kiingereza na kuitwa Atlético. Njaa ilikuwa kila mahali.

Lezama alikwenda kule ambako Mbaski yeyote angetarajia. Akawa kipa wa Bilbao, na mwaka 1947 akachukua tuzo ya Zamora, anayopewa kipa aliyefungwa mabao machache zaidi kwenye ligi.

Barinaga yeye alivaa nyeupe ya Real Madrid.

Usidhani ni ile Madrid unayoijua. Mwaka 1940 ilikuwa timu iliyotoka vitani hoi, uwanja wake wa Chamartin umeharibika, wachezaji wametawanyika. Ilikuwa haijachukua ubingwa wa ligi tangu 1933, na ingekaa mpaka 1954 bila kuuchukua. Barinaga aliichezea miaka kumi yote katikati ya ukame huo. Ndiyo maana jina lake halimo midomoni mwa watu. Alikuja makombe yalipokuwa hayaji, akaondoka miaka mitatu kabla Di Stefano hajafika.

Alichobakiza ni siku mbili. Ya kwanza ina utata na ya pili haina.

Ile yenye utata ni Juni 13, 1943, nusu fainali ya Kombe la Generalisimo, jina ambalo Franco alilipa Kombe la Mfalme. Barcelona walikuwa wameshinda mechi ya kwanza 3-0 nyumbani kwao. Marudiano yakawa Chamartin. Mpaka mapumziko ilikuwa 8-0. Ikaisha 11-1, na Barinaga alitupia manne.

Mabao 11 kwa 1 dhidi ya Barcelona ndiyo rekodi ambayo baadhi ya mashabiki wa Madrid huipenda na wengine huikwepa. Mashabiki waliwazomea wageni na kuwarushia vitu dakika zote, na kwa miaka mingi watu wa Barcelona wamesimulia kwamba wachezaji wao walitishwa na watu wa serikali kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Vurugu zilizozunguka mechi zile mbili zilikuwa kubwa kiasi kwamba marais wa klabu zote mbili waliachia ngazi. Huwezi kuhesabu mabao manne ya Barinaga siku ile kama unavyohesabu mengine. Wala huwezi kuyafuta. Na mkumbuke aliyekuwa anayafunga: kijana wa Durango aliyewahi kuikimbia vita ya Franco, sasa akiwa na miaka 20, anashangiliwa katika mji mkuu wa Franco. Fainali, kwa taarifa tu, Madrid walifungwa 1-0. Na nani? Na Bilbao.

Kuondoka kwa marais ndiko kulikomleta Santiago Bernabeu, mchezaji wa zamani wa klabu, aliyeshika urais Septemba 1943. Mtu yule alikuwa na wazo ambalo wengi waliliona la kichaa. Timu isiyo na ubingwa, nchi isiyo na hela, naye anataka kujenga uwanja wa kuingiza zaidi ya watu 70,000. Hela zilitoka kwa wanachama walionunua hati za mkopo. Ujenzi ulianza Oktoba 1944. Wakati zege linamwagwa, timu ilipata afueni ndogo: Kombe la Generalisimo 1946, tena 1947, Barinaga akiwa kikosini.

KICHWA CHA DESEMBA 14

Uwanja mpya, Nuevo Chamartin kwa jina la wakati ule, ulifunguliwa Jumapili ya Desemba 14, 1947. Wageni waalikwa, Belenenses, hawakuwa timu ya kupita. Mwaka mmoja nyuma, 1946, walikuwa mabingwa wa Ureno mbele ya Benfica, Porto na Sporting.

Msimu wenyewe ulikuwa mbaya kwa Madrid. Ukweli ni kwamba msimu ule wa 1947-48 walimaliza nafasi ya 11 kati ya timu 14 na nusura washuke daraja. Yaani jumba jipya la kifahari lilifunguliwa na timu inayopumulia mashine. Presha ilikuwa juu. Umejenga uwanja mkubwa kuliko wa mtu yeyote Hispania, umewakopa wanachama wako, halafu ufungwe siku ya uzinduzi?

Barinaga alimaliza wasiwasi huo. Mpira ulikuja juu, akapanda, akaugonga kwa kichwa, nyavu zikatikisika kwa mara ya kwanza. Jesus Alonso akaongeza mawili na mechi ikaisha 3-1.

Ukienda leo kwenye uwanja ule, ulioitwa Santiago Bernabeu kuanzia 1955 na uliofanyiwa ukarabati mkubwa wa paa la kufunga na nyasi za kuhifadhi chini ya ardhi, maelfu ya mabao yameshapita pale. Puskas, Hugo Sanchez, Raul, Ronaldo wote wawili, Benzema. Wote wako kwenye foleni nyuma ya Barinaga.

AFRIKA NAYO ILIMUONA

Mwaka 1950 aliondoka Madrid, akachezea Real Sociedad, yaani akarudi kwenye ardhi ya Kibaski, kisha akamalizia Betis kule Seville. Baada ya hapo akageukia ukocha, na hapo alihama kama wanavyohama makocha, timu moja baada ya nyingine, Atletico Madrid ikiwemo.

Kipande cha ukocha wake ambacho hakitajwi sana hata Hispania ni kile cha huku kwetu Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipewa timu ya taifa ya Nigeria. Miaka ile Nigeria ilikuwa kwenye vita ya Biafra, iliyoanza 1967 na kuisha 1970. Watoto wenye njaa wa Biafra walikuwa kwenye kurasa za magazeti ya dunia nzima, na maelfu yao walisafirishwa kwa ndege kwenda Gabon, Ivory Coast na Sao Tome, bila wazazi. Makocha wengi wa Kizungu waliopita Lagos waliziona habari hizo kama habari. Barinaga alikuwa amewahi kuwa mmoja wa watoto kwenye picha kama zile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaifundisha Morocco, iliyokuwa imetoka kucheza Kombe la Dunia la Mexico 1970.

Aldecoa, tukirudi kwa wenzake wa Habana kidogo, alirudi Hispania mwaka 1947, akaichezea timu ya taifa, akachukua ubingwa na Barcelona, halafu akaenda tena England kuwa kocha msaidizi Birmingham City. Ukiunganisha hao wachache tu, meli moja ilitoa aliyefunga bao la kwanza Bernabeu, mshindi wa tuzo ya Zamora na bingwa wa ligi na Barcelona. Kambi ile ya North Stoneham, kama ingekuwa akademi, ingekuwa na jina.

Wengi wa watoto wale hawakuwa wachezaji, bila shaka. Walikuwa watoto tu. Mamia hawakurudi kabisa, kwa sababu wazazi wao walikuwa wamekufa, wamefungwa au wamekimbilia uhamishoni, wakazeekea Uingereza. Southampton kuna chuo kikuu kinachohifadhi kumbukumbu zao, na mwaka 2007 manusura walikusanyika mjini hapo kuadhimisha miaka 70 ya kufika kwa Habana.

Sabino Barinaga alifariki Machi 19, 1988, Madrid, akiwa na miaka 65. Msimu ule Southampton walikuwa Daraja la Kwanza, bado wanacheza The Dell, uwanja uleule mdogo uliobanana na nyumba, ambako shimo la bomu lilifukiwa na nyasi zikaota tena. Wiki tatu baada ya kifo chake, Aprili 9, kijana wa miaka 17 wa timu yao ya vijana alianzishwa kwa mara ya kwanza pale dhidi ya Arsenal, akafunga matatu. Dogo huyo aliitwa Alan Shearer.